Mabao ya Ndambiri

Habari hii nilipewa na Wanjira, mjane wa Ndwiga wa spika, mwaka ule wa kiangazi kikubwa wa 1984, tukiwa tumeketi juu ya magunia matupu pale Gachoka tukingoja mahindi ya manjano ya msaada. Nusu yake nilikuwa nayo mwenyewe tangu utotoni, kama mtu aliyeweka kigae nyumbani asijue kilitoka kwenye chungu gani. Wanjira ndiye aliyekuwa na nusu nyingine. Jua lilikuwa limekamata kila kitu. Hata kuku walikuwa wamejilaza chini ya lori, midomo wazi.

"Wewe si Kagure wa Ndambiri?" aliniuliza.

Nikamwambia ndimi.

"Basi sogea hapa. Ndwiga tumeshamzika, sasa naweza kusema."

Lakini ngoja kwanza nirudi nyuma, kwa sababu ninyi mnaosoma hamkumwona Ndwiga akicheza.

Kabla ya Hali ya Hatari, wakati serikali ya wakoloni ilipopigana na watu wa msituni, watu walimwita Ndwiga Radi. Alicheza pekupeku, kama wote wakati huo, na mguu wake wa kulia ulipokutana na mpira, ulitoa sauti ya boga linalopasuliwa juu ya jiwe. Mama zetu hawakujua kona ni nini wala penalti ni nini, lakini waliacha kunde shambani wakateremka mpaka kiwanjani Embu kusikiliza ile sauti tu. Siku moja ilikuja timu kutoka Meru na kipa wao mrefu. Wanasema kipa huyo alipomwona Ndwiga anarudi nyuma kuchukua mbio, alisogea kando kwa adabu, kama mtu anayempisha mama mkwe njiani. Mpira ukapita peke yake. Jambo hilo lilichekwa mwaka mzima.

Baba yangu, Ndambiri, alicheza timu hiyohiyo, ila msije mkamwonea fahari bure. Alikuwa mrina asali. Timu ilimchukua siku ambazo watu hawakutosha, ikamweka nyuma kabisa, na mara nyingi alifika kiwanjani jicho moja limevimba kwa kuumwa na nyuki. Alikuwa na miguu mikubwa ambayo haikusikizana. Akipiga mpira, watoto waliokaa upande wa kushoto walikimbia, na waliokaa upande wa kulia nao walikimbia, maana hakuna aliyejua utaenda wapi. Nilipenda kumwona akikosea. Alikuwa akikosea anageuka kunitafuta kati ya watu, anajikuna shingo, anacheka.

Halafu mambo yakageuka. Nyumba zetu zilichomwa na tukahamishiwa kijiji kimoja kikubwa juu huko, karibu na msitu, nyumba zimebanana kama meno, na kuzunguka pande zote handaki lenye mianzi iliyochongwa ncha kali. Katikati ulisimama mnara wa homugadi, wenzetu waliopewa bunduki na serikali watulinde. Wanaume walikalishwa chini juani, akaletwa mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho, akapitishwa mbele yao aonyeshe nani anawasaidia watu wa msituni. Alipotikisa kichwa mbele ya baba, baba alipandishwa lori akapelekwa kufungwa kambini. Ndwiga naye alitikisiwa kichwa. Katika kuhojiwa, mtu mmoja alimpiga goti la kulia kwa kitako cha bunduki. Aliporudishwa kwetu ule mguu ulikuwa umepinda kama mpini wa jembe la zamani, na hakuna aliyemwita Radi tena.

Sasa, bwana D.O. wetu, mzungu kijana aliyetawala sehemu ile, alikuwa amemwona akicheza zamani. Akamkuta ameegemea ua, akamtambua. Akasema mtu ambaye watu waliteremka kilima ili kumwona, hata akisema watamsikiliza. Wakapandisha spika juu ya mnara, ile ya mdomo mpana kama ua la boga, wakaiunganisha na betri ya gari, wakampa Ndwiga maikrofoni. Kazi yake ikawa kutusomea amri. Kesho kikundi fulani kitachimba handaki la msituni. Kesho hakuna kwenda shambani. Mtu akionekana nje baada ya kengele atapigwa risasi.

Wanawake walimchukia. Akipita na fimbo yake walitema mate, wakamwita kibaraka hadharani. Aliendelea kuchechemea.

Mpira ulianza Jumamosi moja alasiri, na haukuanzishwa na yeye. Alikuwa amemaliza kusoma amri, spika bado inakoroma, na bibi mmoja mzee akapaza sauti kutoka mlangoni kwake: "Wewe Radi! Umetusomea kazi juma zima. Leo basi tusomee mpira!"

Tulidhani bibi yule ataitwa mnarani. Kisha spika ikakohoa, na sauti ya Ndwiga ikatoka nyingine kabisa, nyepesi, yenye mchezo ndani yake.

"Haya. Kiwanja kimejaa. Upande wa mto, Timu ya Mnara, kapteni wao Kathuri." Kathuri ndiye alikuwa mkubwa wa homugadi pale. "Na upande wa kilima, Timu ya Wasafiri."

Wasafiri! Kila mtu alielewa. Walikuwa wanaume wetu walioko kambini, na aliwataja mmojammoja, kila mtu kwa jina lake na mahali pake uwanjani. Wanawake walitoka nje. Wengine walikuwa na unga mikononi.

Lazima mjue jambo moja. Kwetu mwanamke hamwiti mumewe kwa jina. Mama alikuwa Mama Kagure, na baba kwake alikuwa Baba Kagure, basi, tangu walipooana. Kwa hiyo baada ya lori kuondoka jina la baba lilitoweka nyumbani kama chumvi iliyokwisha. Mahali pamoja tu nililisikia: kwenye spika, Jumamosi.

"Mpira kwa Njiru. Njiru anampa Salesio. Salesio anatafuta mtu, anatafuta, anamwona Ndambiri. Usimpe Ndambiri! Lo, amempa. Ndambiri anautazama mpira. Bado anautazama. Ndambiri, hao si nyuki, hawatatoka ukiwapulizia moshi! Anapiga... amepiga ardhi. Ardhi ya watu, imekosa nini?"

Kijiji kizima kilicheka, na mama alicheka kuliko wote, ameketi na kiondo alichokuwa akisuka, machozi yanamtoka. "Ni yeye," aliniambia. "Ni yeye kabisa."

Ikawa hivyo kila Jumamosi. Timu ya Mnara ilishinda daima, bao moja au mawili, kwa sababu Ndwiga hakuwa mjinga, na Kathuri alikuwa akisikiliza kwa kidevu kilichoinuliwa jinsi anavyofunga mabao ambayo maishani hakuyafunga. Lakini hatukujali nani ameshinda. Mtu aliyetajwa alikuwa hai. Hakuna aliyelisema hilo, wala Ndwiga hakuahidi, ila wanawake walilijua kwa masikio. Aliyesikia jina la wake alikwenda kulala ameshiba hata kama hakula.

Mwaka ule wa 1955, mvua za masika zikiisha, ikaja Jumamosi ninayotaka kuisema.

Mchezo ulianza kama kawaida. Nilikuwa nimekaa kati ya miguu ya mama, ananitoa chawa. Mpira ulikwenda kwa Njiru, ukaenda kwa Salesio, na Salesio akampa baba. Watu wakaanza kucheka kabla, maana tulijua kinachofuata. Ndwiga akanyamaza kidogo. Nilidhani betri imekwisha.

"Ndambiri anao," akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini. "Anampita mmoja. Anampita wa pili. Hakuna wa kumgusa. Ndambiri anapiga. Bao."

Niliruka juu. Kijiji chote kiliruka. Baba yangu amefunga! Wanawake walipiga vigelegele, na mama alisimama akapiga pia. Wengine walipiga wakanyamaza, ndivyo ilivyo, lakini mama aliendelea peke yake, kigelegele kirefu kilichopanda na kupanda mpaka kikavunjika, akavuta pumzi akakianza tena. Watu waligeuka kumtazama wakicheka. "Mama Kagure, utakufa kwa furaha!" jirani alimwambia. Alipokaa alirudia kunitoa chawa, lakini vidole vyake vilipapasa kichwa changu bila kushika kitu.

Kesho yake alichukua wembe akanyoa nywele zake zote. Akaninyoa na mimi. Akasema ni chawa. Na kweli chawa walikuwa wengi kijijini. Kathuri alipotuona kwenye mlango wa handaki alipiga mluzi. "Ona mayai mawili yanatembea!"

"Bora yai, halina chawa," mama alimjibu, akapita.

Tangu siku hiyo baba hakukosea tena. Kila Jumamosi alifunga. Alifunga kwa kichwa, alifunga kutoka mbali, aliwapita watu wa Mnara kama mahindi shambani. Nilitembea kijijini nimevimba kifua. Watoto waliokuwa wakinitania kwa sababu ya baba asiyejua kupiga mpira sasa waliniomba niwe upande wao tukicheza.

Kathuri naye alihesabu mambo yake. Timu ya Mnara haikushinda tena. Alimngoja Ndwiga chini ya ngazi siku moja, mbele ya watu, nami nilikuwa hapo na mtungi wa maji.

"Wewe. Sisi tunafungwa na mrina asali?"

"Mpira unadunda, afande," Ndwiga alisema.

"Basi Jumamosi udunde upande huu. Akose. Mwambie huyo mtu wako akose, kama alivyokuwa akikosa."

Jumamosi iliyofuata baba alifunga mara mbili.

Siku hiyohiyo spika iliteremshwa. Ndwiga alipewa jembe akapelekwa kwenye handaki la msituni pamoja na wanawake, na mguu ule, na kila mtu alipimiwa kipande chake cha kuchimba. Asiyemaliza hakurudi kula. Aliinama, akaanguka, akainama tena. Wanawake walimtazama kwa pembe ya jicho, maana mate waliyomtemea yalikuwa hayajasahaulika kwa pande zote mbili. Mama yangu alimaliza kipande chake, akavuka, akaingia kwenye kipande cha Ndwiga, akachimba. Alifanya hivyo siku baada ya siku mpaka mikono ikatoka damu, na mimi sikuelewa kwa nini anamchimbia mtu aliyekuwa akitusomea amri.

Hiyo ndiyo nusu yangu. Sasa turudi Gachoka, juu ya magunia.

"Lori la unga wa kambi," Wanjira aliniambia, "lilikuwa linaendeshwa na Jama, Msomali wa Meru mjini. Alikuwa anasimama pale kwetu kutia maji kwenye rejeta. Alipenda mpira sana. Siku hiyo hakuuliza mpira. Alikaa kwenye kiti chetu, akamwambia Ndwiga, yule wenu mwenye miguu mikubwa tumemzika. Ni tumbo. Kambi nzima inaharisha. Nilitoa shuka yangu mwenyewe wamfunike, alisema, kwa sababu walitaka kumtia shimoni hivihivi."

Nilitazama kuku chini ya lori.

"Pole, mama," Wanjira akasema. "Nilidhani labda ulishaambiwa."

"Barua ilikuja baada ya Uhuru," nikasema. "Ilisema amefariki. Haikusema lini."

"Ilikuwa Alhamisi Jama alipopita. Ndwiga hakula mpaka Jumamosi. Kutangaza kifo cha kambini ilikuwa ni kupandishwa lori wewe mwenyewe. Na akiliacha jina lake, si ni kulitangaza? Mama yako angelikosa, angejua mbele ya watu wote, angelia, na waliolia walihojiwa nani amewaambia. Kwa hiyo ilibidi amtaje. Mimi nikamwambia, basi mtaje tu kama siku zote, apige ardhi, watu wacheke, yaishe. Alinitazama, Kagure! Akaniambia, Wanjira, nimcheke maiti? Huyo mtu yuko chini ya udongo na shuka ya mtu mwingine, halafu mimi nisimame juu ya mnara nichekeshe watu kwa miguu yake?"

"Ndiyo sababu akafunga," nikasema.

"Ndiyo sababu akafunga. Na Kathuri alipomtisha nilipiga magoti. Nikamwambia akose mara moja tu, tuna watoto. Akasema hawezi. Goti moja walishalivunja, alisema, na mdomo nao wanataka kuupinda."

Baada ya Uhuru, Wanjira aliniambia, vijana wa mpira walimfuata Ndwiga wakampa kipaza sauti cha mkono, awe mtangazaji wa mechi za wilaya. Alikwenda miaka michache. Lakini watu walilalamika. Walisema anatangaza vizuri, sauti bado ipo, ila mchezaji akianguka, akipiga hewa, akijifunga mwenyewe, yeye anapita juu yake kama hakuona. Mpira bila utani, walisema, ni kama mazishi. Akarudisha kile kipaza sauti. Huko nyumbani bado kulikuwa na waliomwita kibaraka, basi wakauza kipande chao cha shamba wakateremkia huku kwenye joto, wakafuga mbuzi.

"Kitu kimoja kilimkaa hapa," Wanjira akasema, akajigusa koo. "Alikufa akisema amemdanganya mjane. Kwamba mama yako aliimba na kuruka juu ya kifo cha mume wake bila kujua, na yeye ndiye alimwimbisha. Akimwona sokoni alikuwa anabadili njia."

Jina langu likaitwa kwenye foleni. Nikapokea mahindi.

Mama alikuwa akiishi kwangu wakati huo, macho yamekwisha, masikio yapo. Nilimkuta ameketi kivulini mwa nyumba kwenye mkeka, miguu imenyooshwa, anachambua maharagwe kwa vidole. Njia nzima nilikuwa nimejiuliza nimwambie vipi. Na katika kujiuliza kwangu, mambo ya zamani yalikuwa yakinipita mbele: kichwa kilichonyolewa kama cha mfiwa, handaki. Nikakumbuka na mwaka ule malori yalipoanza kurudisha watu, wanawake wote wakakimbia barabarani na mama akabaki shambani anapalilia, hata hakuinua mgongo. Nilikuwa na hasira naye siku hiyo. Nilikimbia peke yangu, nikasimama barabarani mpaka lori la mwisho likawa vumbi.

Nikaketi kando yake. Nikamwambia habari ya Jama, ya shuka, ya Ndwiga na maneno yake. Vidole vyake viliendelea na maharagwe.

"Alikuwa anabadili njia sokoni?" akauliza.

"Ndivyo alivyosema Wanjira."

"Nilidhani ni mguu wake. Kwamba hataki kupita kwenye watu wengi." Vidole vikasimama juu ya maharagwe. "Maskini. Ningemwita."

"Kwa hiyo ulijua, mama."

Akatupa haragwe bovu. Halafu uso wake wote ukakunjamana, na kwa dakika nzima sikuweza kujua kama ni kicheko au ni kile kingine.

"Ndambiri afunge bao?" alisema. "Ndambiri?"

Katika maisha yangu yote sikuwahi kulisikia jina hilo kinywani mwake. Lilitoka na vumbi, kama kitu kilichokaa darini, na alilisema mara mbili, kana kwamba mara ya kwanza alikuwa akijaribu kama bado linafaa.

"Awapite wawili, halafu afunge? Nilimjua baba yako. Mpira wake haukuenda hata mara moja mahali alipotaka. Mtu aliye hai hasifiwi hivyo, Kagure. Nilisikia tu neno lile 'hakuna wa kumgusa', nikajua amekwenda. Ningelia wapi? Kathuri alikuwa pale. Basi nililia pamoja na vigelegele vyao."

Nilimwekea mto, maana alikuwa ameanza kuinama. Jua lilikuwa linateremka na joto likapungua kidogo. Akajilaza ubavu, mkono chini ya shavu.

"Ule wa zamani ndio nilioupenda," akasema. "Akipiga ardhi. Hebu unitangazie."

"Mimi sijui kutangaza, mama."

"Utajaribu."

Basi nikakohoa kama spika. Nikaanza polepole, kwa Kiembu, kama Ndwiga alivyokuwa akifanya. Kiwanja kimejaa, nikasema. Mpira kwa Njiru. Njiru anampa Salesio. Salesio anatafuta mtu, anamwona Ndambiri. Usimpe Ndambiri! Amempa. Ndambiri anautazama mpira. Jicho moja limevimba. Anarudi nyuma, anarudi tena, hivi huyu anaenda nyumbani? Sasa anakuja, jamani kimbieni, anakuja, anapiga hewa, ameanguka chali, mpira uko palepale ulipokuwa.

Tumbo la mama lilitikisika kidogo kwa kicheko. "Ni yeye," akasema, macho yamefumba.

Nikaendelea. Nikasema ameketi kwenye nyasi, anajikuna shingo, anatafuta mtu kati ya watu. Sijui nilisema kwa muda gani. Nilipotazama, pumzi zake zilikuwa zimekuwa ndefu na mkono wake umeacha maharagwe yakamwagika mkekani. Alikuwa amelala.